Gurudumu na Mfaa wa Mlango

Baiskeli ya BMX haina mambo mengi. Haina gia, haina taa, haina kengele, na ile yetu haikuwa hata na bati la kuzuia matope. Ina gurudumu la nyuma, ambalo huvutwa na mnyororo na kwa hivyo lina adabu, na ina gurudumu la mbele, ambalo limekaa ndani ya foki, ule uma wa chuma unaoteremka kutoka kwenye usukani, likishikwa na nati mbili tu, moja huku na moja huku. Nati hizo zikilegea, gurudumu huhama. Halihami sana. Huhama kiasi cha unene wa sarafu, likaegemea mguu mmoja wa foki na kuanza kujisugua kwenye mpira wa breki: shwi, shwi, shwi, kila linapozunguka. Mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyevaa kofia iliyofumwa na bibi yake, akipita uchochoroni na sauti hiyo, hakuna anayemhesabu kuwa mtu wa hatari.

Yetu ilikuja ndani ya kontena. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mwenye mzigo mmoja, aliyekuwa amerudi na watoto wake kutoka Ghuba, alipofungua vitu vyake aliona kuwa watoto wameshaipita baiskeli kwa urefu. Akampa baba. Ililetwa nyumbani kwa mkokoteni, imefungwa kamba, gurudumu la mbele limetolewa na kulazwa ubavuni mwake kama mtoto mchanga. Baba akalitia mwenyewe, na tangu hapo ikawa ada. Kila Ijumaa, akisharudi msikitini na kabla ya wali kupakuliwa, alivua kanzu akabaki na kikoi na fulana, akaipindua baiskeli miguu juu kwenye kibaraza cha mbele ya mlango, akachuchumaa na kuliweka gurudumu katikati. Mimi nilikaa kwenye benchi la mawe nyuma yake. Niliona mgongo wake. Niliona kichwa kikiinama upande, kama cha mtu aliyefumba jicho moja, na mbele ya kichwa niliona mlango wetu wa nakshi, na katikati ya mlango ule mti uliosimama wima ambao sisi huuita mfaa. Alitazama, akasukuma, akakaza, akasimama. Tukaingia tukala.

Sikumuuliza kitu. Nilikuwa mtoto wa kuangalia, si wa kuuliza, na hadi leo watu wananilipa kwa tabia hiyo, ingawa si kwa wingi.

Baba alifariki siku ya safari ya shule. Tulipelekwa Kwale kuona ndovu. Hatukuona ndovu. Tuliona kinyesi chake, na mwalimu akatuambia tukichore. Basi lilirudi kisiwani magharibi imeshaingia, nami nikapita vichochoro vya Mji wa Kale na mkoba wangu mgongoni hadi kona ya kwetu. Uchochoro ulikuwa umejaa wanaume walioketi kwenye mikeka, na mtu akimimina kahawa. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kuna arusi. Ya pili ilikuwa kwamba nina njaa.

Ami, ndugu mdogo wa baba, ambaye naye alifanya kazi bandarini upande wa winchi, aliinuka akanishika mkono.

"Tulikutafuta shule," alisema. "Tukaambiwa muko Kwale."

"Hatukuona ndovu," nikamwambia.

"Baba yako tumeshamstiri."

Alikuwa ameanguka ofisini asubuhi. Hakuamka. Akaoshwa, akasaliwa, akazikwa baada ya alasiri, kama inavyotakiwa kwetu, bila kumchelewesha. Hakuna aliyefanya kosa. Wakati wanamteremsha, mimi nilikuwa nachora kinyesi.

"Hata kimoja hatukukiona," nikasema tena. Nilisema "kimoja", kana kwamba ndovu ni kiti. Ami akanimiminia kahawa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa kahawa chungu mbele za watu, na nakumbuka nilijivunia.

Sikulia siku hiyo, wala kesho yake, wala katika hitima. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Ilikuwa kama pale daktari wa meno akishakuchoma sindano, ukajigusa shavu, ukahisi unagusa shavu la mtu mwingine. Nilikwenda shule, nikarudi, nikala nilichopewa. Nilisoma ukurasa mmoja wa jiografia kutwa nzima na kufurahi kwamba hauishi.

Mamangu alikuwa edani. Mwanamke wa kwetu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na ushei, amevaa nguo zisizo mapambo, hajitii manukato, hatoki, wala haonani na mwanamume anayeweza kumuoa. Ami, kwa hesabu hiyo, alikuwa miongoni mwa wasioruhusiwa. Kwa hivyo kila jioni akitoka kazini alikuja akasimama chini ya ngazi, uso umeelekea ukutani, na mamangu akasimama juu nyuma ya pazia, wakazungumza kupitia hewa ya ngazini iliyokuwa na harufu ya vitunguu vya mchana.

"Masalkheri, shemeji."

"Masalkheri. Za kutwa?"

"Njema. Kuna kitu kimepungua nyumbani?"

"Hakuna. Makaburini ulipita?"

"Nilipita."

"Kukoje?"

"Kuzuri, alhamdulillahi."

"Kuzuri vipi?"

Hapo ami akajikuna shingo. "Kuzuri tu, shemeji."

Akishaondoka, mamangu alikaa juu ya mkeka akasema bila kunitazama, "Ningemuuliza chai iko vipi, angesema maneno mengi kuliko hayo."

Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini. Hata eda ikiisha, hangekwenda. Kaburi la mumewe lilikuwa mahali alipoweza kupafikia kwa midomo ya wanaume tu, na midomo ya wanaume ilisema kuzuri. Yeye alitaka kujua ni upande gani, karibu na nini, mawe ya kichwani na miguuni yamesimama au yameanguka, udongo umekaa au umeanza kuzama. Na alitaka kujua kabla ya masika. Kaburi bichi, masika yakishalipitia, udongo hushuka, magugu huota, nalo hufanana na mengine yote. Alinieleza hayo mchana mmoja huku akichambua mchele, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia niende dukani. Mimi ndiye mwanamume pekee ambaye yeye alimwamini kusema zaidi ya neno moja. Na mimi sikuwa nimelifikia kaburi la babangu.

Ami aliahidi kunipeleka. "Ijumaa, inshallah." Ijumaa ikifika alipita mtu na habari kwamba ami hawezi, meli imeingia. Ijumaa ya pili, meli imeingia. Nadhani hapajapata kuingia meli nyingi Kilindini kama mwaka ule.

"Nitakwenda mwenyewe," nikamwambia mamangu. "Na baiskeli."

Alichambua mchele kidogo. Baiskeli ilikuwa haijaguswa tangu Ijumaa ya mwisho ya baba, isipokuwa na mimi, nilipokwenda nayo hadi kona na kurudi.

"Hilo gurudumu lasugua," alisema. "Nalisikia nikiwa huku juu."

"Kidogo tu."

"Baba yako hakuwa akikuachia barabarani mpaka linyamaze." Akatupa jiwe dogo alilolitoa mchelini. "Litie katikati. Nikiona halisugui, wenda. Halijanyamaza, huendi mahali. Nimeshafiwa mara moja."

Basi mambo yakawa hayo. Mtu atauliza kwa nini sikwenda kwa miguu, kisiwa chenyewe kikiwa kidogo hivi kwamba mtoto anayetumwa Ganjoni hurudi chai haijapoa. Ni swali zuri. Lilinijia nikiwa chuo kikuu, katikati ya mhadhara uliohusu jambo jingine kabisa. Wakati ule halikunijia, na mamangu, ambaye si mtu wa kupitwa na maswali ya namna hiyo, hakulitaja. Huenda tulitaka kitu cha kutengeneza.

Spana ya baba ilikuwa juu, ndani ya sanduku la vitu vyake. Mamangu hakukubali ilale chini. Kila alasiri, nikisharudi madrasa, nilisimama chini ya dirisha nikaita, na kikapu kikateremka kwa kamba, kile kile alichoteremshia muuza mboga. Ndani yake spana peke yake. Nikimaliza, niliirudisha kikapuni, nayo ikapanda. Sijui wapita njia walifikiri nini. Hakuna aliyesema kitu. Kwetu mfiwa huachiwa nafasi kubwa ya kufanya mambo yasiyo na maana.

Niliipindua baiskeli pale pale baba alipokuwa akiipindua. Nikachuchumaa alipokuwa akichuchumaa. Nikafumba jicho moja, nikalitazama gurudumu limesimama kama mstari mbele ya mlango, nikaulinganisha mstari huo na mfaa. Lilikuwa limelala upande kidogo. Nikalegeza nati, nikalisukuma mpaka gurudumu na mfaa vikawa kitu kimoja, nikakaza. Nilijua hata hila ya nati: ukikaza moja kwanza mpaka mwisho, inalivuta gurudumu upande wake, kwa hivyo nilikaza huku kidogo, kule kidogo. Nilijiona fundi. Nikaigeuza baiskeli, nikapanda, nikasukuma.

Shwi, shwi, shwi.

"Bado," ikasema sauti ya dirishani. Hakuinua sauti. Mtu wa eda hainui sauti.

Nikarudia. Nikarudia kesho yake na siku zilizofuata. Nililaumu breki, nikailegeza. Nikalaumu ringi, nikasema imepinda na kuingia tumbo, nikakaa nikizivuta spoki moja moja kama mtu anayepiga gambusi bila kujua. Nikalaumu mawe ya uchochoro, na manispaa, na watoto wa yule mtu wa Ghuba. Kila mara nilirudi kwa mfaa, na kila mara mfaa uliniambia kwamba gurudumu limenyooka kabisa. Na kweli, kwa kulitazama hivyo, halikuwa na kasoro.

Nyumba iliyotukabili ilikuwa na mvulana aliyenizidi mwaka mmoja na kilo nyingi. Hakuwa na baiskeli, na kwa hivyo alikuwa na maoni. Alikaa kwenye benchi lao akila ubuyu, midomo imekuwa myekundu.

"Hiyo baiskeli yenda Likoni," alisema nilipompita, "na we wenda Makupa."

Nikaendelea kusukuma.

"Mwaachana wapi? Hapo posta?"

Nikageuza kwenye kona nikarudi.

"Mwana wa karani," alisema nilipompita tena, "hebu mwambie mamako akutilie magurudumu mawili ya pembeni, yale ya watoto." Kisha akakumbuka, nikaona anakumbuka, akaunyosha mkono na kunipa ubuyu. Nikaula. Haukuwa na ladha yoyote, lakini vitu vingi havikuwa na ladha mwezi ule. Niliupenda kwa sababu ulikuwa unanipa kazi ya kutema mbegu.

Nikiwa mkweli, sikuchukia zile alasiri. Mtu aliyekufa ganzi hufaa sana kwa kazi ya nati. Hakimbilii mwisho. Nilikuwa nikiziangalia nyuzi za chuma za ile nati ya kushoto, zilizolika kidogo upande mmoja, na saa zikapita, na nikiitwa kula nilishtuka kuona kuwa giza linaingia. Kilichonisumbua kilikuwa kimoja. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa bahari, na kila jioni mamangu aliyatazama kupitia vijiti vya dirisha, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mkekani.

Alasiri moja yakashuka manyunyu. Si mvua, ni yale maji membamba yanayotangulia. Wanaume waliokuwa barazani wakaingia ndani, mvulana wa ubuyu akaitwa na mamake, na uchochoro ukabaki na mimi peke yangu, nimechuchumaa mbele ya gurudumu, jicho moja limefumbwa, maji yakinishuka shingoni. Nikasikia dirisha likisukumwa. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumuona, mamangu alikuwa ametoa kichwa. Tangu aingie eda alikuwa akinisikiliza tu. Hakuwa amenitazama nikifanya kazi.

"Kwani wewe wapimia nini?"

"Mlango."

"Mlango upi?"

"Huu. Mfaa. Kama baba."

Kisha juu yangu nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja, na nilipoinua kichwa nikaona mamangu amejiziba mdomo kwa upande wa mtandio na mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka. Alijizuia, ikatoka tena.

"Mwanangu," alisema alipoweza. "Nyumba hii imelala upande tangu siku niliyoletwa hapa bibi arusi. Ndimu nikiiweka jikoni hapa, naiokota chumbani kule. Huo mlango wako umelala na nyumba. Baba yako alitia saruji mpya hapo kibarazani, fundi akaisawazisha kwa pimamaji, ndipo sote tukaona mlango ulivyopinda. Akasema tusimwambie mtu." Akafuta macho. "Hata kitanda chetu kina kabari mguu mmoja. Asiyejua alikuwa akiamka yuko ukutani. Usiku wa kwanza alikwenda mwenyewe akakata kipande cha mti, akakitia…"

Sauti ya manyunyu ikaja juu ya mabati. Kabari bila shaka ilikuwa bado chini ya mguu wa kitanda, hatua chache nyuma ya mgongo wake.

"Hakuwa akipimia mlango," alisema, kwa sauti yake ya kawaida ya siku zile. "Alikuwa akitia kidole. Nikimuona kutoka hapa. Katikati ya tairi na ule mguu wa chuma. Kidole huku, kisha kidole huku."

"Mbona alikuwa akiangalia mlango?"

"Alikuwa akiangalia kama wali uko tayari."

Akavuta dirisha.

Chuo kikuu nilifundishwa kwamba kosa la namna yangu lina jina refu, na kwamba watu wenye akili wameliandikia vitabu: mtu huchukua kipimo kilichopinda, akapinda kila kitu mpaka kikubaliane nacho, kisha akaulaumu ulimwengu kwa kelele. Nilifaulu mitihani yote ya somo hilo. Lakini mpaka leo nikitundika picha ukutani, mke wangu huja nyuma yangu akaitundika upya bila kusema kitu.

Nililegeza nati zote mbili. Nikausukuma mhimili wa gurudumu hadi mwisho wa nafasi zake kwenye foki, pande zote mbili, mpaka ukagonga chuma. Nikatia kidole cha shahada upande wa kulia, kati ya tairi na mguu wa foki. Kikaingia hadi kifundo cha kwanza. Nikatia upande wa kushoto. Hakikuingia. Nikalisogeza, nikatia tena, huku na huku, mpaka vidole vikaniambia neno moja. Nikakaza kidogo hapa, kidogo pale. Nikalizungusha. Liliendelea kuzunguka kwa muda mrefu na sikusikia chochote ila manyunyu. Nikajaribu kulitazama na mfaa, kwa mazoea. Lilikuwa limepinda vibaya sana.

Nikapanda nikaenda hadi kona, nikarudi. Nikasimama chini ya dirisha, mguu mmoja chini, nikingoja "bado" yangu. Haikuja. Kikapu kikateremka, nikatia spana, kikapanda.

"Kesho," ikasema sauti. "Ukitoka shule. Upite njia ya ndani, usipite kwenye malori. Ukifika uwatolee salamu kwanza, wote, kisha ndio wende kwake."

Nilikwenda. Mvua haikuwa imenyesha bado, ila mbingu ilikuwa nzito. Baiskeli ilikwenda mahali nilipoielekeza, jambo ambalo lilinishangaza kiasi kwamba mara mbili nilikaribia kugonga ukuta kwa kurekebisha kosa ambalo halikuwapo. Na ilikuwa kimya. Nilikuwa nimeizoea ile shwi. Kwa kukosekana kwake nilisikia kupumua kwangu, na sikukupenda sana.

Langoni mwa makaburi palikuwa na mlinzi, mzee mfupi aliyekuwa akinoa panga la kufyekea magugu. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi.

"Mwana wa nani we?"

"Wa karani wa bandarini."

"Karani yupi? Humu wamelala makarani wa kuweza kufungua ofisi."

Nikamweleza jina la baba na la babu, na kwamba ni juzijuzi, kabla mawingu hayajaanza.

"Ah. Yule ambaye nduguye huja Ijumaa." Akaliweka panga chini. "Mtu wa winchi. Huja baada ya sala akasimama pale mpaka nafunga lango. Simsikii hata akisoma. Husimama tu. Juzi nimemwambia, bwana, utaota mizizi. Akanambia, ndio." Akanyosha kidole. "Fuata ukuta. Ukiona mti mdogo wa mkilifi, la pili yake. Baiskeli iache hapa, hakuna aliye humu wa kuiba."

Niliiegemeza langoni. Nikawatolea salamu wote, kama nilivyoagizwa, kwa sauti ndogo, nikifuata ukuta.

Lilikuwa kaburi. Sijui nilitarajia nini. Tuta la udongo mwekundu uliochanganyika na vipande vya mawe ya matumbawe, jiwe moja la kichwani na moja la miguuni, na makopo mawili yaliyopandwa mrehani, wa kopo moja umekufa. Nikasoma Fatiha. Nikasoma tena, kwa kuwa ya kwanza niliimaliza upesi kama mtu aliyeulizwa jina lake. Nikangoja kitu kije. Watu walikuwa wameniambia kwamba nikifika nitalia, na nilikuwa nimebeba leso.

Kilichokuja ni kwamba nilifumba jicho moja. Nikachuchumaa upande wa miguuni, nikalitazama jiwe la miguuni na la kichwani nyuma yake. La miguuni lilikuwa limelala upande. Nikatazama huku na huku kutafuta kitu cha kulinganishia, ukuta, mti, nguzo ya jirani, halafu nikaacha. Niliweka kiganja kati ya ukingo wa tuta na kaburi la kulia, nikahesabu viganja, kisha nikafanya vivyo hivyo kushoto. Lilikuwa katikati. Waliomlaza walikuwa wamemlaza katikati. Nikalisimamisha jiwe la miguuni, nikalishikilia, nikashindilia udongo kwa kiganja, huku kidogo, kule kidogo, mpaka likaacha kucheza. Nikamwagilia mrehani uliokuwa hai. Leso ikatumika kufuta mikono.

Ami alikuwa akisimama hapo. Niliziona alama zake, sehemu moja upande wa kichwani ambapo udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa laini na mgumu kama sakafu.

Nilirudi kabla ya magharibi. Mamangu aliniketisha kwenye mkeka, akanipa uji, na akauliza kila kitu, nami nikajibu kila kitu. Upande gani. Mti gani. Udongo wa rangi gani. Jirani wa kulia ni nani, wa kushoto je, nafasi kiasi gani. Nikamwonyesha kwa viganja juu ya mkeka. Nikamwambia kuhusu jiwe la miguuni, na kwamba sasa halichezi. Nikamwambia kuhusu mrehani. Alifumba macho nilipokuwa nasema, na mara moja aliunyosha mkono wake akaupitisha kwenye mkeka, pale nilipokuwa nimeonyesha tuta.

"Na ami yako?" aliuliza mwisho. "Hupita kweli?"

"Kila Ijumaa. Husimama mpaka lango likafungwa."

Akaokota bakuli langu.

Haikupita muda mrefu ami akafika, akasimama chini ya ngazi, uso ukutani. Alivuta pua kama mtu mwenye mafua. Mvua ilikuwa imeanza, kubwa, yenyewe hasa, na alikuwa amelowa.

"Masalkheri, shemeji. Samahani kwa Ijumaa. Meli…"

"Masalkheri," alisema mamangu nyuma ya pazia. "Najua. Makaburini kukoje?"

"Kuzuri, alhamdulillahi."

Nikangoja. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi katikati yao, na niliwaona wote wawili kwa mara moja, ami anajikuna shingo, na mamangu ameushika ukingo wa pazia.

"Alhamdulillahi," alisema mamangu. "Mtoto atakutilia chai. Usiende na mvua hii."

Mvua ilinyesha wiki nzima. Ijumaa ilipofika, palitokea upenyo wa jua baada ya sala. Ami alikuja pamoja nami kutoka msikitini akakaa kwenye benchi la mawe, pale nilipokuwa nikikaa mimi. Wali ulikuwa bado haujapakuliwa. Nikaipindua baiskeli kwenye kibaraza, bila kuita, nikiwa sijakusudia kuita, na juu yangu nikasikia dirisha, na kikapu kikateremka na spana ndani yake.

Gurudumu halikuwa limehama. Nililegeza nati zote mbili, nikatia kidole huku, nikatia kidole huku, nikazikaza tena. Kisha nikautazama mlango, kuona kama wali uko tayari.